Kisahani Kipya na Kisahani Kikuukuu

Msomaji kijana, ukiwekewa mbele yako vitu viwili, kimoja kipya kinang'aa na kingine kikuukuu kimekwaruzika, ukaambiwa chagua, mkono wako utakwenda wapi? Wahenga walitujua vyema waliposema kwamba kipya kinyemi kingawa kidonda. Mkono wako utakwenda kwenye kipya. Wangu nao ulikwenda huko, na kwa kosa hilo nilimdhulumu mwanafunzi wangu mmoja. Nataka kukueleza ilivyokuwa, lakini sharti kwanza nikupitishe katika historia ya kitu chenyewe, maana kosa langu lilikuwa ni kutojua historia, nami ndiye mwalimu wa somo hilo.

Shule yetu iko upande wa Nyamarambe, katika Mugirango Kusini, nchi ya vilima na migomba, ambako uwanja ulio sawa ni neema adimu. Mgeni mmoja aliyetutembelea alituachia zawadi ya visahani viwili vya plastiki vya kurusha. Vyote viwili vilitoka katika kalibu moja, vikafanana kwa umbo na upana. Tofauti ilikuwa katika plastiki. Kimoja kilikuwa cha plastiki ya bei nafuu, na cha pili cha plastiki ya bei kubwa, yenye kupitisha mwanga kama kioo cha rangi. Kile cha bei nafuu niliwapa wanafunzi wachezee. Kile kizuri nilikifungia kabatini, kingoje siku ya mashindano.

Mchezo wa kurusha kisahani ni wa kale mno. Wayunani wa zamani walirusha visahani vya mawe, vya shaba nyeusi, vya chuma na vya risasi. Vile vilivyofukuliwa ardhini havina uzito mmoja, jambo linaloonyesha kwamba tangu zamani mrushaji alipaswa kukijua chombo chake kabla ya kujisifia nguvu zake. Michezo ya Olimpiki ilipofufuliwa huko Athens mwaka wa 1896, kijana mmoja wa Marekani, Robert Garrett, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Princeton, alikuwa amefanya mazoezi kwa kisahani alichotengenezewa kwa kubahatisha. Kilikuwa kizito kupita kiasi, hata akakata tamaa. Alipofika Athens na kukishika kisahani cha mashindano, aliona kuwa ni chepesi zaidi. Akaingia uwanjani, akakirusha mita 29.15, akashinda. Tazama, msomaji, jinsi chombo kisichofaa kinavyoweza kumfanya mwenye nguvu ajidhanie mnyonge.

Kisahani cha Olimpiki cha wanaume sasa kina uzito wa kilo 2, na cha wanawake kilo 1. Hicho ndicho wengi wetu tumekizoea katika michezo ya shule. Lakini kisahani cha plastiki ni cha ukoo mwingine, na babu yake ni sahani ya bati. Husimuliwa kwamba katika jimbo la Connecticut, Marekani, wanafunzi walirushiana sahani tupu za kuokea za kampuni ya Frisbie. Mbali na hapo, katika ufuko wa California, mwaka wa 1938 kijana Fred Morrison na mchumba wake walikuwa wakirushiana bati la keki. Mpita njia alitaka kulinunua kwa senti 25, ilhali dukani bati kama lile liliuzwa senti 5. Biashara ikazaliwa hapo.

Bati hubonyea likianguka, na likishabonyea haliruki tena vizuri. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, ambavyo Morrison alivipigana akiwa rubani, alitafuta kitu bora zaidi. Mwaka wa 1948, yeye na mwenzake Warren Franscioni walitoa kisahani cha plastiki. Plastiki ya siku zile ilikuwa rahisi kuvunjika, lakini njia ilikuwa imefunguliwa. Mwaka wa 1955 Morrison alibuni kisahani bora zaidi, na mwaka wa 1957 akaiuzia kampuni ya Wham-O haki yake. Mwaka huo huo kampuni ikakipa jina la Frisbee, ambalo sasa linajulikana karibu dunia nzima.

Mtu wa tatu katika habari hii ni Ed Headrick. Yeye alikitengeneza upya kisahani hicho katika miaka ya 1960, kikaruka kwa utulivu zaidi. Kisha akaupa umbo la kudumu mchezo wa gofu ya visahani. Katika mchezo huu mchezaji huanzia mahali palipowekwa alama, akarusha kisahani, akakifuata kilipoangukia, akakirusha tena, mpaka akitie katika kikapu cha minyororo kilichosimikwa mbali. Mwenye kufika kwa mitupo michache ndiye mshindi. Uwanja wa kwanza wa kudumu ulianzishwa Oak Grove, California, mwaka wa 1975. Chama cha wachezaji kikaundwa mwaka wa 1976, na Headrick akapata hataza ya kikapu cha minyororo mwaka wa 1977. Alipofariki mwaka wa 2002, majivu ya mwili wake yalichanganywa katika plastiki ya visahani, kama alivyousia. Mtu huyo hakuupenda mchezo wake kwa maneno matupu.

Wachezaji wa kwanza walirusha visahani vyenye ukingo mnene wa mviringo. Mwaka wa 1983 Dave Dunipace alitoa kisahani chenye ukingo uliochongwa kwa mshazari, mwembamba kwa nje mfano wa makali ya kisu, ili kiupasue upepo. Hapo ndipo vilipozaliwa visahani vya masafa, yaani vile vya mtupo wa kwanza wa mbali. Kanuni za mchezo zinataka kisahani kisizidi gramu 8.3 kwa kila sentimita ya kipenyo chake. Piga hesabu mwenyewe: kisahani cha kipenyo cha sentimita 21.2 hakiruhusiwi kuzidi gramu 176 hivi. Mwaka wa 2016, katika jangwa la Nevada na kwa msaada wa upepo, David Wiggins alikirusha kisahani cha namna hii mita 338.

Sasa tufike kwenye plastiki yenyewe, maana hapo ndipo nilipojikwaa. Kuna plastiki ya kawaida, isiyo ghali. Hiyo hushikika vizuri mkononi hata siku ya manyunyu, lakini huchakaa upesi. Kuna na plastiki ngumu zaidi, kama ile iitwayo poliyurethani, ambayo hugonga mti na jiwe ikabaki karibu vile vile. Mtu asiyejua atasema kwamba hii ya pili ni bora kwa kila hali. Lakini ni lazima kwanza tujue uchakavu hufanya nini.

Mrushaji wa mkono wa kulia akirusha kwa kupitisha mkono mbele ya kifua, kisahani huzunguka kwa kufuata mwendo wa saa. Kasi ikiwa kubwa, hutaka kugeukia kulia. Kasi ikipungua, huangukia kushoto. Kisahani kipya cha masafa mara nyingi huwa kikaidi. Hukataa kwenda kulia, na kikipungukiwa na kasi kidogo tu, hukimbilia kushoto. Kukitiisha kwataka mkono wenye nguvu nyingi. Kikishagonga miti na kuburuzika chini kwa muda, ukingo wake hubonyea na kubadilika kidogo kidogo, na ukaidi hupungua. Kwanza huenda moja kwa moja, baadaye huanza kugeukia kulia. Plastiki ya kawaida hupitia mabadiliko hayo upesi, na plastiki ngumu huchukua muda mrefu sana. Kwa hiyo mchezaji mwenye busara huweza kubeba visahani vitatu vya kalibu moja: kipya kwa siku ya upepo wa mbele, cha makamo kwa njia iliyonyooka, na kikuukuu kwa kona ya kulia. Hakitupi hata kimoja.

Mimi sikuyajua hayo. Siku ya mashindano na shule jirani ilipofika, nilifungua kabati kwa fahari, nikakitoa kile king'aacho, nikampa msichana aliyekuwa hodari wetu. Alikitazama, akakigeuza, akaniambia kwa adabu, "Mwalimu, naomba nitumie kile cha siku zote." Nikamwambia kwamba siwezi kuiaibisha shule mbele ya wageni kwa kisahani kilichokwaruzika. Alirusha mara tatu. Mara zote tatu kisahani kiliangukia kushoto, ndani ya mikaratusi. Alishindwa, wala hakusema neno. Mimi nilidhani ameingiwa na woga, na kwa bahati mbaya dhana hiyo niliitamka mbele ya wenzake.

Juma lililofuata mvulana mmoja wa kutoka Tabaka alikuja na kipande cha msasa. Tabaka ni jirani zetu, ndiko linakochimbwa jiwe laini la Kisii, ambalo wanaume hulichonga na wanawake hulisugua kwa msasa na maji mpaka ling'ae. Alitaka kukisugua kile kisahani kipya ili kiwe kama kile cha zamani. Nilipotafuta kanuni za mchezo niliona kwamba hairuhusiwi. Mchezaji anaweza kulainisha vinundu vilivyoachwa na kalibu au mikwaruzo inayoumiza mkono, lakini haruhusiwi kukibadilisha kisahani makusudi ili kiruke kwa namna nyingine. Uchakavu unaokubaliwa ni ule uletwao na mchezo wenyewe. Yaani hakuna njia ya mkato. Atakaye kisahani kilichozoeshwa, na akirushe.

Ndipo nilipomwelewa yule msichana. Alikuwa na mwaka mzima wa kujuana na kile kikuukuu. Kila mkwaruzo wa ukingo wake ulikuwa ni mtupo alioutupa yeye au mwenzake, na mitupo hiyo ndiyo iliyokifanya kiende sawa. Mimi nilikiita kibovu kwa sababu niliiona mikwaruzo nisiulize imetoka wapi. Nilimwita mbele ya darasa lile lile, nikasema kwamba aliyekosa ni mwalimu. Aliitikia, "Ahsante, Mwalimu," akaketi. Ushindi sikuweza kumrudishia.

Kile kizuri hakikurudi kabatini. Wanafunzi wamekirusha misimu miwili sasa, na kimeanza kupunguza ukaidi. Kila mwanafunzi mpya huanza na kile kikuukuu, ambacho humtii hata mwenye mkono dhaifu, ndipo apewe kile kigumu.

Basi msomaji, ukienda kuchagua kisahani, usitazame mng'ao wala bei peke yake. Upime kwanza mkono wako. Kama ni mchanga, chukua chepesi cha plastiki ya kawaida, ukirushe kila siku, usikiache katika gari juani kikapindika, wala usikionee huruma kikikwaruzika. Ukipata kipya usikitupe kile cha kwanza. Na siku utakapopewa mamlaka juu ya wengine, akija mdogo wako kukuomba kwa adabu atumie kile alichokizoea, muulize sababu kabla ya kukataa. Waliosema usiache mbachao kwa msala upitao hawakukukataza kununua msala. Walikutaka uukumbuke mkeka ulioulalia.