Safu ya Lugha: Hati na Nakshi

Kadi ya Idi niliyopewa Rumonge, Burundi, imetengenezwa kwa mkono na vijana wa huko: karatasi ngumu iliyokunjwa, herufi ya kwanza ya “Idi Njema” imekuzwa na kuzungushiwa majani ya rangi ya dhahabu. Nyuma yake pameandikwa “kaligrafia na dekorasio”. Kazi ni safi sana, ila maneno hayo yananiuma, kwa kuwa yetu tunayo.

Badala ya kaligrafia tuna hati, neno lililotokana na Kiarabu khatt, yaani mstari, kisha mwandiko. Siku hizi tumeifungia ofisini: hati ya kiwanja, hati ya kusafiria. Lakini bado twasema fulani ana hati nzuri, tukimaanisha mkono wake. Mwandiko anao kila ashikaye kalamu. Hati ya kupendeza mtu hujifunza, kwa kalamu ya ncha bapa inayounenepesha na kuukondesha mstari kadiri mkono unavyogeuka.

Na dekorasio? Ile herufi imetiwa nakshi. Pambo huongezwa juu ya kitu na laweza kuondolewa. Nakshi huchorwa au kuchongwa kwenye kitu chenyewe, kama milango ya Zanzibar. Waandishi wa misahafu wa Siyu, kisiwani Pate, walitia nakshi kurasa zao kwa wino mweusi na mwekundu zamani sana. (Neno “kadi” liacheni ingawa nalo ni la kigeni, limeshakaa; “karata”, lenye asili ya Kireno, ni la wachezaji.)

Vijana wa Rumonge, kadi zijazo ziandikeni: “Hati na nakshi kwa mkono.”