Shimo Ni Lilelile

Kisauni ukisema "sipiyu" watu wanaelewa sanduku zima, lile linalokaa chini ya meza ya saiba likimpulizia mteja joto miguuni. Prosesa yenyewe, kile kigae kidogo kinachopiga hesabu zote, ni mafundi tu wanaoitaja. Lakini kuna miaka kigae hicho ndicho kilichoamua saiba ipi ifunge.

Masanduku yalishuka Kilindini yakiwa yameshatumika ofisi za ng'ambo. Tukayaita ex-UK hata yaliyotoka Marekani. Dell OptiPlex, HP Compaq, ndani Pentium 4. Mwaka 2009 nyaya za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zikafika Mombasa, na masanduku hayo ndiyo yaliyokuwa yakisubiri intaneti upande wetu wa bara.

Halafu ikaja 2014. Aprili, Microsoft ikaacha kuihudumia Windows XP. Mwaka huohuo serikali ikazindua eCitizen, na KRA nayo ilikuwa inahamishia ritani kwenye iTax. Yaani ofisi ilihamia mtandaoni wakati uleule mashine zetu zilipoanza kufungiwa mlango. Gharama ya kuhama huko haikulipwa na ofisi. Ililipwa na mwenye saiba.

Mjomba wangu alikuwa na saiba Mishomoroni, mashine nane. Windows mpya ilidai kinga iitwayo NX, ambayo Pentium 4 nyingi za mwanzo hazikuwa nayo, na zilizokuwa nayo zilijikokota. Dawa ya bei nafuu ilikuwa kubadilisha prosesa. Intel ilileta soketi ya LGA 775 mwaka 2004 kwa ajili ya Pentium 4, na 2006 ikatoa Core 2 Duo inayoingia shimo hilohilo. Core 2 Duo E6300 ina GHz 1.86 tu, lakini ina viini viwili na inamaliza kazi nyingi zaidi kwa kila pigo. Joto lake limepimwa wati 65. Pentium 4 530 ya GHz 3 ni wati 84. Chini ya mabati ya Mishomoroni, tofauti hiyo utaisikia mwilini.

Mjomba akanunua nne kwa pesa ya kodi ya chumba. Ya kwanza ikaingia sawasawa, feni ikazunguka, skrini ikabaki nyeusi. Ya pili vilevile. Kwenye LGA 775 sindano ziko kwenye madabodi, si kwenye prosesa, na katika kuhangaika fundi akapinda moja. Mashine hiyo ikafa papo hapo.

Hakuna aliyetuambia kuwa shimo si ruhusa. OptiPlex GX620 ina chipu za 945G na haiitambui Core 2 Duo. OptiPlex 745 iliyoifuata, yenye Q965, inaipokea. Kwa nje unaweza kuyachanganya.

Windows 10 iliishiwa huduma Oktoba 2025, na Windows 11 inataka Intel ya kizazi cha nane kwenda juu. Kizazi hicho cha 2017 kinatumia LGA 1151, idadi ileile ya sindano kama kizazi cha sita cha 2015, lakini madabodi za zamani zinakikataa.

Juzi mjomba kanipigia. Kaona i5 ya kizazi cha nane, bei poa, ataka kuitia kwenye sanduku lake la kizazi cha sita.

"Mwanangu, shimo si ni lilelile?"