Faini Haiegemezi Mteremko: Uchimbaji wa Mchanga Kando ya Barabara Kuu ya Rufiji

Mchanga na kifusi, yaani udongo wenye changarawe unaojengewa tabaka za barabara, ni madini ya ujenzi kwa mujibu wa Sheria ya Madini ya mwaka 2010, hivyo anayeuchimba kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam–Lindi, inayopita Kibiti na Umwe ya Ikwiriri kabla ya kuvuka Mto Rufiji kwenye Daraja la Mkapa, huwajibika kwa Tume ya Madini. Akikata ukingo na kuuacha wima, kosa lake halimaliziki kwa stakabadhi ya faini. Humalizika mteremko unapothibitika kutulia, na uthibitisho huo hauwezi kutolewa kabla mvua za masika hazijaujaribu.

Sababu imo ndani ya mchanga wenyewe. Mchanga mkavu hujilaza kwa pembe ya takriban digrii 30 hadi 35, iitwayo pembe ya utulivu, lakini ukiwa na unyevunyevu, maji kidogo yaliyo baina ya chembe huzivuta pamoja, hata ukuta wima ukaweza kusimama kwa miezi na kumpotosha mkaguzi. Masika yanapoingia mwezi Machi, maji hujaza nafasi zote, mvuto ule hutoweka na uzito huongezeka. Ikiwa mguu wa mteremko, yaani sehemu ya chini inayobeba ya juu, umekwisha kukatwa, ardhi huporomokea shimoni pamoja na bega la barabara. Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zilipoikata barabara hii upande wa Kilwa, mikoa ya Lindi na Mtwara ilitengwa na njia yake fupi ya Dar es Salaam, na hapo ndipo uzito wa kosa hili unapopaswa kupimwa.

Hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, lakini kipimo hicho hakijali kina cha shimo, na shimo refu lililo nje kidogo ya hifadhi laweza kuidhuru vilevile. Sheria ya Marekani ya mwaka 1977 kuhusu migodi ya makaa ya mawe huanza kuhesabu umbali usioruhusiwa kuchimbwa, futi 100, karibu mita 30, kutoka mwisho wa hifadhi; tena ilani ya kosa hutaja marekebisho na muda wake, wala haifungwi kabla mkaguzi hajaridhika.

Nchini Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inaruhusu amri ya kurejesha mazingira. Amri hiyo itaje kujaza mguu wa mteremko kwa udongo unaoshindiliwa tabaka kwa tabaka, mtaro wa kukinga maji juu yake na upandaji wa nyasi, kisha mhandisi wa Wakala wa Barabara (TANROADS) aukague baada ya masika. Itasemwa kwamba kijana mwenye sepetu hana uwezo wa kulipia kazi hiyo, na ni kweli. Ndiyo maana gharama imwangukie kwanza mkandarasi anayenunua mchanga bila kuuliza umetoka shimo gani.