Aliomba Njia ya Kwenda kwa Waoromo

Upande wa bara, mkabala na kisiwa cha Mombasa, kuna kaburi la mwanamke Mjerumani aliyefariki tarehe 13 Julai 1844. Jina lake Rosine Krapf. Alikuwa amejifungua mtoto wa kike siku chache tu kabla, homa ikamkuta kitandani, na baada yake haukupita muda kichanga naye akamfuata. Mumewe, Johann Ludwig Krapf, alikuwa hoi kwa homa hiyo hiyo. Kabla ya kukata roho Rosine aliomba asizikwe kisiwani. Alitaka alazwe bara, karibu na njia wanayopita watu wa Rabai wakishuka mjini, ili kila atakayeliona kaburi akumbuke ni kwa ajili ya nini mgeni huyu alikuja kufia hapa.

Krapf aliwaandikia wakuu wake wa Church Missionary Society, London, kwamba kaburi hilo lisiwakatishe tamaa, bali walichukue kuwa dalili ya kwamba kazi ya upande huu wa dunia imekwisha kuanza. Nimesoma habari hiyo mara nyingi, na kila mara najiuliza mtu aliyefukia mke na mtoto ndani ya juma moja huyatoa wapi maneno hayo. Imani yake haikuwa ya kukariri. Alikuwa amekwisha kumzika mtoto mwingine njiani, huko Habeshi.

Kwa kweli hakuja pwani hii kwa ajili ya pwani yenyewe. Krapf, aliyezaliwa mwaka 1810 karibu na Tübingen, alikuwa na ombi moja kubwa moyoni: awafikie Waoromo, ambao vitabu vya zama zake viliwaita Wagala. Aliingia Shoa, huko Habeshi, mwaka 1839 akiwa na tumaini la kuwafikia kutoka kaskazini. Mwaka 1842 njia ikafungwa, akakatazwa kurudi. Ndipo alipoamua kuzunguka kwa bahari na kuwaendea kutoka kusini. Januari 1844 alifika Unguja, Sayyid Said akampokea na kumpa barua ya kumwombea msaada kwa maliwali wake. Mombasa kwake ilikuwa mlango tu. Nyumba aliyoikusudia ilikuwa mbele.

Akiwa hapo mlangoni ilimbidi azungumze na watu, basi akajifunza Kiswahili. Tarehe 8 Juni 1844, wiki tano kabla ya msiba wake, alianza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo, na aliyemsaidia alikuwa kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Mohidin. Tutazame tukio hilo kwa utulivu: kadhi Mwislamu na mchungaji Mlutheri wamekaa pamoja, wanatafuta neno la Kiswahili la kusimulia jinsi dunia ilivyoumbwa. Hakuna aliyeliombea tukio hilo. Lakini ndilo lililozaa sarufi yake ya mwaka 1850, na kamusi kubwa iliyochapwa mwaka 1882. Yeye pia alikuwa miongoni mwa walioshikilia kwamba Kiswahili kiandikwe kwa herufi za Kirumi, ambazo ndizo unazozisoma sasa.

Mwenzake, Johannes Rebmann, aliwasili Juni 1846. Wazee wa Rabai walikuwa wameshakubali wageni hawa wakae kwao, lakini siku ya kuhamia ilipofika, mwezi Agosti, wote wawili walikuwa na homa. Mlima wa kupanda ulikuwa mkali, na punda alikuwa mmoja. Wakawa wanapokezana: huyu anapanda, yule anajikokota nyuma huku akitetemeka, kisha wanabadilishana. Hivyo ndivyo kituo cha Rabai Mpya kilivyoanza, na Krapf mwenyewe aliona ni vigumu kupata misheni nyingine iliyoanzishwa katika udhaifu wa namna ile.

Wengi wanawafahamu watu hawa kwa milima. Ni kweli, Rebmann aliiona theluji ya Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848, na Krapf akauona Mlima Kenya tarehe 3 Desemba 1849, wakabishiwa na mabingwa wa jiografia waliokaa Ulaya. Kwao wenyewe milima haikuwa kitu. Walikuwa wakitafuta mahali pa kupanda vituo kutoka bahari hii hadi pwani ya magharibi, na vituo havikupatikana. Mwaka 1851, karibu na mto Tana, wanyang'anyi walimuua Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Kikamba aliyekuwa akimwongoza Krapf. Krapf alitorokea nyikani peke yake. Alipoyafikia maji ya mto hakuwa na kibuyu. Akajaza mfuko wa ngozi wa darubini yake na mitutu ya bunduki, akaziba kwa nyasi, akaendelea kutembea usiku. Alirudi Rabai mikono mitupu. Mwaka 1853 afya ilimlazimisha kwenda zake Ulaya.

Na mavuno? Mtu wa kwanza kubatizwa alikuwa Mringe, kilema, ambaye alibatizwa akiwa anakaribia kufa. Basi. Taarifa ya namna hiyo haijazi ukurasa wa jarida la wafadhili. Rebmann aliachwa na kazi yote, akakaa. Kwa jumla alikaa miaka 29 bila kurudi kwao. Alimzika mtoto wake mchanga, mwaka 1866 akamzika mkewe pale pale Rabai, macho yake yakafifia hadi giza. Wapo waliosema amepoteza maisha yake bure, na ukihesabu vichwa kanisani kwake utaona kwa nini walisema hivyo.

Mimi namtazama akiwa na Salimini. Huyu alikuwa mtumwa aliyetekwa upande wa magharibi wa Ziwa Nyasa, akauzwa hadi pwani. Kuanzia mwaka 1853 Rebmann alikaa naye na kumuuliza neno moja baada ya jingine: mto mnauitaje, mtoto, kulia, kusamehe. Nchi ile ilikuwa mbali sana, na Rebmann hakuwa na njia ya kufika huko. Aliandika hata hivyo. Kamusi ya Kinyasa ilichapwa mwaka 1877, yeye akiwa amekwisha kufa, wakati ule ule wamishonari walipokuwa wakiingia Malawi.

Hapa inabidi nitamke jambo waziwazi. Utumwa haukuwa mapenzi ya Mungu, wala siwezi kumsikiliza mhubiri anayesema Mungu aliwapitisha watu wale kwenye minyororo ili Injili ienee. Walioifunga minyororo ni wanadamu, kwa tamaa ya fedha. Ninachokiona katika historia hii ni kwamba wamishonari waliomba wapelekewe wenzao kutoka Ulaya, na waliokuja kulibeba kanisa ni wale waliokuwa wameuzwa.

Kuanzia mwaka 1864 walianza kufika Rabai Waafrika waliokuwa wametekwa utotoni, wakaokolewa na manowari za Kiingereza, wakalelewa na kusomeshwa Nasik, karibu na Bombay: George David, William Jones, Ishmael Semler. Walijua kusoma, kuhubiri na kufanya kazi za mikono, tena walijua kwa miili yao kukamatwa ni nini. Mwaka 1873 soko la watumwa la Unguja lilifungwa, na mjumbe wa Uingereza, Sir Bartle Frere, akapendekeza makazi ya walioachiliwa. Hivyo mwaka 1875 ikazaliwa Freretown, ng'ambo ya kisiwa. Kengele yake ipo hadi leo, na makondakta wa matatu wanaoita "Kengeleni! Kengeleni!" wanaitaja kila siku. Watoro waliokimbia mashamba ya pwani walipanda mlima hadi Rabai, ambako Jones aliwapokea. Mwaka 1885 yeye na Semler waliwekewa mikono kuwa mashemasi.

Rebmann hakuyaona mengi ya hayo. Mwaka 1875, akiwa kipofu, alipanda meli ya kurudi Ulaya, na aliyemshika mkono safari nzima ni kijana wa Rabai, Isaac Nyondo, mwana wa mmoja wa waamini wa mwanzo kabisa. Mzee alifariki mwaka uliofuata, Korntal, Ujerumani.

Na lile ombi la Krapf? Aliendelea nalo hadi uzeeni. Alikuwa akiishi Korntal hapo hapo, na mwaka 1876 alisimamia uchapaji wa Agano Jipya la Kioromo, ingawa katika nchi ya Waoromo alikuwa hajaruhusiwa kukaa. Novemba 1881 walimkuta amekufa, amepiga magoti kando ya kitanda chake.

Wakati huo, upande wa bahari ya Sham, alikuwapo kijana Mworomo aliyeibwa akiwa mtoto na kuuzwa mara kadhaa, hadi alipoachiliwa huru Massawa mwaka 1870. Wamishonari wa Kiswidi walimfundisha na kumbatiza kwa jina la Onesimos Nesib. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa Hika, ambalo kwa Kioromo ni mfasiri. Pamoja na Aster Ganno, msichana Mworomo ambaye pia aliokolewa kutoka utumwani, alifanya kazi miaka mingi, na Biblia nzima ya Kioromo ikachapwa mwaka 1899. Mwaka 1904 Onesimos alirudi Wallaga, katika nchi ya Waoromo, na Biblia hiyo mkononi.