Bei ya Khiyari: Waraka wa Deni katika Unguja ya Karafuu

Mwenye shamba la karafuu Unguja katika karne ya 19, akihitaji fedha kabla ya mavuno, kwa mujibu wa karatasi hakukopa. Aliuza. Waraka ulieleza kwamba fulani amemuuzia fulani shamba lake kwa riale kadhaa, na kwamba muuzaji ana khiyari ya kulikomboa akizirudisha fedha hizo ndani ya muda uliotajwa. Lakini muuzaji huyo hakuhama. Aliendelea kukaa shambani na kuchuma karafuu, na kila mwaka akamlipa mnunuzi ijara ya shamba ambalo jana lilikuwa lake. Tuseme aliuza kwa riale 1,000 na ijara ikawa riale 100 kwa mwaka. Ukipiga hesabu, huo ni mkopo wenye faida ya asilimia 10, na shamba ni rehani. Kwa kuwa riba ni haramu, neno hilo halikuandikwa popote. Hiyo ndiyo bei ya khiyari, na mimi naiona kuwa fundisho kubwa la pwani hii kwa kila wakili, mhasibu au mshauri wa fedha anayeandika kwa ajili ya mtu mwingine. Waraka unaweza kuwa sahihi katika kila sentensi na bado usimwonyeshe mdaiwa amejifunga kwa kitu gani.

Haikuwa kwamba watu wa pwani walikosa mwongozo. Aya ya 282 ya Sura ya Baqara, iliyo ndefu kuliko aya zote za Kurani, inahusu deni. Inaagiza deni la muda liandikwe, liwe dogo au kubwa, mwandishi awe mwadilifu, na mashahidi wawepo. Katikati yake limo agizo ambalo washauri wengi hulipita haraka: anayepaswa kumtolea mwandishi maneno ya kuandika ni mdaiwa, si mdai. Asipoweza, msimamizi wake aseme kwa niaba yake. Sioni kipimo bora cha uelewa wa mambo ya fedha kuliko hicho. Anayeweza kulisema deni lake kwa kinywa chake, kiasi chake na muda wake, amelielewa, na asiyeweza bado hajalielewa hata kama ametia sahihi. Kwa umbo, nyaraka za Zanzibar ziliifuata kanuni hii, kwani nyingi zilifunguliwa kwa tamko la kukiri: amekiri fulani kwamba anadaiwa kadhaa. Lakini tazama maneno yalivyosafiri. Mapatano yalifanyika kwa Kiswahili, dukani au barazani. Katibu akayageuza kuwa Kiarabu cha kisheria. Mfanyabiashara wa Kihindi akaiingiza hesabu katika daftari lake kwa Kigujarati. Na mizozo ilipofika mbele ya maofisa wa Uingereza, karatasi ikasomwa kupitia tafsiri ya Kiingereza. Wakubwa wa Kiomani walikijua Kiarabu, hilo halina ubishi. Ila mwenye vipande vichache vya mikarafuu, ambaye kosa dogo lingemng'oa, mara nyingi lugha aliyoimiliki ni ile ya kwanza tu.

Wapo watakaosema kwamba hoja hii inawadharau wakopaji wa zamani. Watakumbusha kwamba Tippu Tip, aliyeusimulia mwenyewe kwa Kiswahili wasifu wake, aliendesha misafara ya bara kwa mtaji wa mfanyabiashara wa Kihindi Taria Topan, na alijua vizuri alichokuwa akifanya. Nakubali. Waliokopa hawakuwa wajinga. Kwao deni lilikuwa njia ya kununua muda, na bei ya khiyari iliwafaa maadamu mdai, mdaiwa na kadhi walielewana juu ya mambo yasiyoandikwa, hasa kwamba muda ukiisha unaweza kuongezwa. Udhaifu ulikuwa papo hapo. Desturi ya kungojeana haikuwa kwenye karatasi, na karatasi huishi kuliko waliokuwapo ilipoandikwa. Aprili 1872 kimbunga kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, huku ile ya Pemba ikisalimika kwa wingi. Mkarafuu mpya huchukua miaka sita hata minane kabla ya kuzaa vya kutosha. Waraka wa miaka miwili au mitatu uliowekwa juu ya mti wa namna hiyo haukuwa na hesabu ndani yake, ulikuwa na matumaini tu. Katibu mwaminifu angemuuliza mwenye shamba swali moja: fedha za kukomboa zitatoka wapi kabla miti haijazaa? Umbo la waraka halikumlazimisha aulize. Ikaja himaya ya Uingereza mwaka 1890, na mwaka 1897 hadhi ya kisheria ya utumwa ikafutwa, nguvu kazi ya mashamba ikatetereka, lakini madeni yakabaki pale pale. Msomaji mpya wa nyaraka hizo, ofisa wa Uingereza asiyeishi ndani ya desturi, aliona mauzo na tarehe.

Miaka ya 1930 bei ya karafuu iliposhuka, madeni ya mashamba yakawa jambo la serikali. C. F. Strickland, mtaalamu wa ushirika, aliandika ripoti juu ya hali ya uchumi wa kilimo Zanzibar mwaka 1932, na mwaka 1934 zikatoka sheria zilizosimamisha ulipaji wa madeni kwa muda na kuzuia ardhi ya Waarabu na Waafrika isihamie mikononi mwa wengine bila idhini. Wahindi, waliokuwa wengi miongoni mwa wadai, waliziona kuwa zimewalenga wao, na mgogoro ukaendelea hadi India ikasusia karafuu ya Zanzibar mwaka 1937 na 1938. Siasa ya rangi ilikuwamo, na ni kosa kuyasimulia madeni haya kana kwamba ni uovu wa taifa moja. Mdai naye aliumia, maana alishika karatasi iliyosema ameuziwa shamba, naye akaambiwa haiwezi kutekelezwa. Uandishi uliofunika mkopo kwa vazi la mauzo haukumlinda hata yule uliotungwa kumlinda.

Hoja nzito zaidi ni ya wanasheria: kwamba lugha ya kitaalamu inalinda maana, na kuirahisisha ni kuilegeza. Historia hii haiiungi mkono. Lugha ya waraka ilikuwa ya kitaalamu kabisa, na maana ikapotea ndani yake. Wala haiwezi kudaiwa kwamba Kiswahili hakina maneno ya kazi hii. Mdai, mdaiwa, rehani, dhamana, ijara, riba, hawala na kukomboa ni maneno ya biashara ya pwani, na tangu mwaka 2021 sheria ya Tanzania inakifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Kilichobaki kiko mikononi mwa mshauri. Kabla mteja hajatia sahihi, karatasi iwekwe pembeni, naye aombwe aeleze kwa maneno yake atalipa kiasi gani, lini, kwa fedha za kutoka wapi, na atapoteza nini akishindwa. Akikwama, asitie sahihi siku hiyo, na waraka uandikwe upya.