Degedege: damu inapouwasha ubongo

Bugarama na mwambao wote wa Rumonge, nchini Burundi, ni nchi ya malaria. Mtoto anashinda akicheza, usiku anachemka, na kabla hakujapambazuka viungo vinakakamaa na macho yanapinduka. Wazee wengi wa Kiswahili waliliona degedege hilo kuwa kazi ya ndege wa usiku au pepo. Mwaka 2017 Wizara ya Afya ya Burundi ilitangaza mlipuko wa malaria nchini kote, na wazazi wakabaki na swali lile lile la zamani: mbu kauma mkono, mbona mtoto anapoteza fahamu?

Alphonse Laveran aliviona vimelea vya malaria kwenye damu mwaka 1880 huko Algeria. Mwaka 1917 Hermann Dürck, tabibu wa Kijerumani, akachunguza bongo za watu waliouawa na malaria. Alikuta vishipa vimeziba, damu imevuja kuvizunguka, na seli za ubongo zimejikusanya mahali pa jeraha. Miaka miwili baadaye Mhispania Pío del Río-Hortega alizitambulisha seli za mikroglia, walinzi wa ubongo. Mambo yote mawili yalikuwa mezani, ila ilichukua karibu karne kuyaunganisha.

Kwanza madaktari walishika lililo dhahiri: damu imeganda, basi izuiwe isigande. Walijaribu heparini, lakini ilileta hatari ya kutokwa damu, ikaachwa. Nadhani kosa lilikuwa kuiona trombini, kimeng'enya kinachogandisha damu, kama gundi tu. Mwaka 1991 watafiti wa San Francisco walionyesha kwamba seli zina kipokezi kinachoamshwa na trombini yenyewe. Kumbe kimeng'enya hiki pia hutoa amri: huzifanya kuta za mishipa zilegee na kuvuja. Majaribio ya maabara yameonyesha kwamba huzichochea hata mikroglia zitoe kemikali za uvimbe. Fibrinojeni, protini ya damu, ikipenya ndani ya ubongo hugeuka nyuzi za fibrini, nazo mikroglia huzishambulia kama adui.

Malaria inaingilia wapi? Hapa watoto wa Afrika ndio waliotoa jibu. Mwaka 2012 uchunguzi wa watoto wa Tanzania waliolazwa kwa malaria kali ulibainisha aina ya protini ambayo vimelea vyao huitumia kung'ang'ania mishipa. Mwaka uliofuata ikajulikana kwamba protini hiyo hushika kipokezi cha protini C, breki ya trombini. Mwaka huohuo, huko Blantyre, Malawi, watafiti walikuta kipokezi hicho kimepungua katika vishipa vya ubongo vilivyojaa vimelea. Ubongo kwa asili una breki hizo chache kuliko viungo vingine, huenda ndiyo maana unaumia haraka hivyo.

Dawa bado inalenga kimelea. Utafiti wa mwaka 2010, uliohusisha watoto 5,425 wa nchi tisa zikiwemo Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Kongo, ulionyesha kuwa sindano ya artesuneti ilishusha vifo kutoka asilimia 10.9 chini ya kwinini hadi 8.5. Lakini artesuneti haizimi uvimbe uliokwisha kuwashwa. Katika hospitali ya Mulago, Kampala, takriban mtoto mmoja kati ya wanne waliopona malaria ya ubongo alionekana, miaka miwili baadaye, bado ana upungufu wa kufikiri au kukumbuka.