PICHA ZETU NA WINO UNAOFIFIA: HISTORIA FUPI



Kitabu hiki cha miaka kumi kimechelewa kidogo kwenda kwa mchapaji, na kilichochelewesha ni picha. Hesabu zilikuwa tayari mapema, maana mweka hazina wetu hachezi na daftari. Lakini tulipokusanya picha za kuweka humu ndani tukakuta nyingi hazifai tena. Kuna picha ambayo magauni yamebaki na nyuso hazipo. Kuna nyingine watu wote wamekuwa rangi ya chungwa kama wamepakwa mafuta ya mawese. Basi kamati ikaona ni vizuri tuandike habari ya picha zenyewe, namna zilivyoingia katika nyumba zetu hapa Ngara na Biharamulo, na kwa nini picha ya bibi ya miaka sitini inaonekana vizuri kuliko ya kwetu ya juzi juzi.

Tuanze na ile ya siku ya kuanzisha kikundi. Wengi mnaikumbuka. Tumesimama chini ya mwembe, sanduku jipya lipo mbele na kufuli zake tatu, wale wafupi wamechuchumaa. Ilipigwa kwa simu, ikatolewa kwa printa kwenye steshenari, nakala tatu, siku ile ile, karatasi ile ile na wino ule ule. Nakala ya kwanza ilitundikwa ukutani pale tunapokutania. Ya pili iliwekwa katika mfuko wa plastiki ndani ya sanduku. Ya tatu katibu wa wakati ule aliipachika katikati ya kurasa za daftari la mahudhurio, basi ikakaa humo. Simu iliyopiga ilikufa zamani, kwa hiyo zile nakala tatu ndiyo mali yote iliyopo.

Mwaka huu tulizileta zote tatu mezani tukazipanga. Ile ya ukutani imekwisha. Upande wa kushoto, ambako jua la jioni linapitia dirishani, pamekuwa peupe kabisa. Ya kwenye plastiki rangi zipo nusu, ila imenata, na tulipojaribu pembe moja karatasi ikaanza kuchanika tukaacha. Ya kwenye daftari, kumbe, iko karibu kama siku ile. Unaona mpaka maua ya kitenge.

Tunaeleza hivi kwa sababu katika wale wa upande wa kushoto alikuwapo mwenzetu mmoja aliyekwisha kutangulia mbele ya haki. Binti yake alikuwa mgongoni siku ile. Sasa ni msichana mkubwa anasoma sekondari. Alikuja siku ya mkutano, akasimama mbele ya ile picha ya ukutani kitambo, kisha akatuuliza, mama yangu ni yupi? Tukamwonyesha kwa kidole mahali peupe. Daftari lilikuwa bado halijafunguliwa siku hiyo, lilikuwa kwenye rundo la madaftari ya zamani, na hakuna aliyekumbuka kwamba mna picha ndani.

Sasa turudi nyuma. Picha za zamani kabisa tulizoziona majumbani kwa wanachama ni za wanaume waliokwenda Uganda. Wazee wetu wa Kihangaza na Kishubi, tangu enzi za mkoloni, walikuwa wakienda Buganda kulima katika mashamba ya kahawa na pamba. Walikwenda wengi kwa miguu. Aliyefanikiwa alirudi na baiskeli, blanketi, na picha ya studio amevaa suti ambayo mara nyingi haikuwa yake. Picha hizo ni nyeusi na nyeupe. Nyingine ni za misheni, za harusi na kipaimara, za Rulenge au za Murgwanza, bibi harusi amekunja uso kwa sababu hakuna aliyecheka mbele ya kamera siku zile.

Picha hizi zimepita moshi wa jikoni, mvua, na mchwa waliokula fremu wakaacha picha. Nyingine zimepata madoa ya manjano au kahawia, na hiyo hutokea pale mpiga picha alipobania maji ya kusuuzia ile dawa ya kusafishia, lakini sura ipo. Siri yake ni kwamba picha nyeusi na nyeupe ya zamani haikuwa wino. Ile sehemu nyeusi ni chembe ndogo sana za madini ya fedha zilizoshikwa kwenye karatasi. Fedha ya madini, jamani, siyo ile ya kwenye sanduku. Madini hayapauki kwa jua kama rangi ya nguo inavyopauka.

Halafu zikaja picha za rangi. Hapa kwetu zilienea hasa miaka ya 1980 na 1990. Mpiga picha alikuja na baiskeli siku ya sikukuu au mnada, mkapigwa, mkalipa nusu, naye akasubiri filamu ijae ndipo aitume mjini, Mwanza au Bukoba, kusafishwa. Wengine tulisubiri miezi. Na wako waliokula nusu yetu wasionekane tena, lakini hiyo ni habari nyingine.

Picha hizo zilifanywa kwa rangi tatu zilizolala juu ya karatasi, moja ya manjano, moja nyekundu ya zambarau, na moja ya samawati. Rangi hizi ni dawa za kupaka kama za nguo, wala siyo madini. Katika karatasi nyingi za zamani ile samawati ilikuwa dhaifu, ikawa inatangulia kuondoka hata picha ikifungiwa sandukuni gizani. Ndiyo maana picha za harusi za wakati ule zimekuwa nyekundu. Bwana mmoja wa Marekani, Henry Wilhelm, alitumia miaka mingi kupima mambo haya, na mwaka 1993 alitoa kitabu kikubwa juu ya uimara wa picha za rangi. Baadaye watengenezaji wa karatasi waliboresha sana, na picha za studio za mwisho wa miaka ya 1990 zimevumilia kuliko za kabla yake.

Hatuwezi kuandika historia ya picha katika wilaya hizi tukaruka miaka miwili mitatu ambayo kila mtu mzima hapa anaijua. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika nchi yetu walitambuliwa mkoani kwetu Kagera mwaka 1983. Baada ya hapo nyumba nyingi zilibaki na bibi na wajukuu. Kwa watoto wale, picha moja ya studio ndiyo ilikuwa mama na baba. Kati yetu sisi wanachama wako waliolea wajukuu wa namna hiyo, na wanajua mtoto anavyochakaza picha kwa kuishika kila siku.

Kisha mwaka 1994. Tarehe 28 na 29 Aprili watu wapatao laki mbili na nusu walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kuja Ngara, katika muda wa saa ishirini na nne tu. Kambi ya Benaco ikawa mji mkubwa kuliko mji wowote tuliokuwa tumeuona. Wapiga picha wa dunia nzima walikuja, na picha za barabara yetu zikatoka magazetini huko Ulaya na Marekani, na zimetunzwa huko mpaka leo. Wengi wetu tuliochota maji pamoja na wale wageni hatuna hata moja. Lakini tulijifunza jambo miaka ile. Katika kambi za wakimbizi wa Rwanda, watoto waliopotezana na wazazi walipigwa picha, kila mmoja na namba yake, na picha zikabandikwa ili wazazi wapite wakitafuta. Mtoto mdogo hajui jina la kijiji chao wala la baba yake. Sura yake ndiyo ilikuwa cheti chake chote.

Basi tufike kwenye printa, maana hapo ndipo penye tatizo letu. Steshenari zilipoenea na simu zenye kamera zikawa za kila mtu, hakuna aliyetaka tena kusubiri filamu. Unapigwa, unapelekwa kwenye kompyuta, dakika tano umepata. Ni jambo jema, hatulilaumu. Ila tulimwita kijana mmoja mwenye kazi hiyo aje atufundishe, naye alitueleza hivi.

Wino wa printa una aina mbili. Aina ya kwanza rangi imeyeyuka kabisa ndani ya maji, kama sukari ndani ya chai. Unang'aa, unapendeza, na mara nyingi ni wa bei nafuu. Lakini ni kama kitenge cha bei rahisi, unachuja. Jua unauogopa, maji ukimwagiwa unatiririka, na hata hewa tu inaula. Aina ya pili ni wa chembe, kama vumbi laini la mkaa lililokorogwa kwenye maji. Maji yakikauka chembe zinabaki juu ya karatasi zimeshika. Huo unavumilia miaka mingi zaidi, ila ni ghali, na si kila printa inaukubali. Printa za matangi za picha ambazo zimejaa kwenye steshenari zetu nyingi hutumia ule wa kwanza.

Hili la hewa wengi tulilipinga. Akatuambia hata wakubwa liliwapata. Mwaka 2000 kampuni ya Epson ilitoa printa ya picha iliyosifiwa sana, Stylus Photo 870, na baada ya muda mfupi wateja huko Marekani wakaanza kulalamika kwamba picha zinageuka rangi ya chungwa, nyingine baada ya siku chache tu. Ilionekana ni gesi ya ozoni iliyomo hewani ndiyo ilikuwa inakula rangi ya samawati. Picha iliyokaa nyuma ya kioo au ndani ya kitabu ilipona. Hapo tukaangaliana, tukakumbuka nakala yetu ya kwenye daftari.

Tena wino wenyewe unazeeka kabla ya kutumika. Chupa na katriji zina tarehe, na baadhi ya watengenezaji hushauri kwamba ukishafungua utumie ndani ya miezi sita. Printa ikikaa wiki nyingi bila kazi, wino unakauka kwenye matundu yake madogo, rangi moja inagoma kutoka, na wewe uliyekuja na kitenge cha bluu unaondoka na cha kijani. Ukiona mistari mistari kwenye picha, usilipe kwanza.

Na jambo hili halikomei kwenye picha. Risiti za mashine za EFD hazina wino kabisa, ni karatasi inayogeuka nyeusi kwa joto, na ndiyo maana risiti ya mabati tuliyonunulia mradi imekuwa karatasi nyeupe. Mkaguzi akija huwezi kumwonyesha karatasi nyeupe. Sasa kila risiti inatolewa fotokopi siku hiyo hiyo, kwa sababu ule unga mweusi wa mashine ya fotokopi una mkaa ndani yake na haupauki upesi.

Kamati imekwisha kuamua juu ya ile picha ya mwembe. Nakala ya kwenye daftari imepigwa upya kwa mwanga mzuri wa kivulini, na imehifadhiwa katika simu tatu za watu tofauti. Imetumwa mjini kusafishwa kwenye karatasi ya studio, nakala ya kwanza ni ya yule binti, na ameshapewa. Nyuma tumeandika majina ya wote kwa penseli, maana penseli haipauki kama kalamu ya wino. Ukutani itatundikwa nakala tu, tena upande usiofikiwa na jua. Ile halisi imerudi kwenye daftari lake.

Tunaowaomba sasa ni ninyi. Aliye na picha yoyote ya kikundi aje nayo siku ya hisa. Kama imeshika kwenye kioo cha fremu asiibandue, tutaipiga hapo hapo ikiwa kwenye kioo. Katibu atakuwapo na daftari la kuandika nani ni nani. Tunayoitafuta hasa ni ya siku tulipogawana kwa mara ya kwanza, kwa sababu hiyo hatuna nakala hata moja, na tunajua kuna mtu alipiga.